Gamba la konokono na lawama kwa mama

Mtoto akizaliwa, maneno huanza kabla ya arobaini. Pua ya nani? Rangi ya nani? Akiwa na jambo lisilojulikana katika ukoo wa baba, kidole huelekezwa kwa mama. Wanaosema hivyo hudhani kwamba sifa ya mtoto lazima ionekane kwanza kwa mzazi. Konokono anaonyesha kwamba si lazima.

Mpe mtoto gamba la konokono mkubwa wa bustanini. Alishike ncha ikiwa juu na mdomo wa gamba ukimtazama yeye. Mdomo ukiwa upande wa kulia, gamba hilo limezunguka kulia. Konokono wengi duniani wako hivyo. Wa kushoto ni wachache.

Nani huamua? Kwa konokono wa madimbwi aitwaye Lymnaea stagnalis, anayepatikana Ulaya, huamua mama. Kila konokono wa aina hiyo ana jinsia zote mbili, hivyo mama ni yule anayetaga. Akiwa na jeni ya kulia, hata nakala moja tu, watoto wake wote huzunguka kulia. Akiwa na nakala mbili za kushoto, wote huzunguka kushoto, baba awe wa aina yoyote. Sababu ni kwamba mama huweka maelekezo ndani ya yai kabla halijarutubishwa.

Gamba la mama mwenyewe halionyeshi atazaa watoto wa namna gani, kwa kuwa lilipangwa na jeni za bibi. Mama wa kulia anaweza kuzaa watoto wote wa kushoto. Mwaka 1923 Mmarekani Alfred Sturtevant alifafanua fumbo hilo kutokana na majaribio ya Waingereza kwa konokono wa jamii hiyo. Mwaka 2019 Masanori Abe na Reiko Kuroda wa Japani walieleza jinsi walivyoiharibu jeni iitwayo Lsdia1. Watoto wa mama waliokosa jeni hiyo nzima walizunguka kushoto.

Hata hivyo, si kila tofauti hurithiwa. Mwaka 2016 alipatikana London konokono wa bustani wa kushoto, akapewa jina Jeremy. Watoto wake wote walizunguka kulia. Utafiti uliotolewa mwaka 2020 ulionyesha kwamba kwa aina hiyo, kuzunguka kushoto mara nyingi ni ajali ya ukuaji ndani ya yai.

Binadamu si konokono, na mtoto anayetumia mkono wa kushoto hafuati kanuni hii. Lakini kwa binadamu pia, sifa inaweza kujificha kwa wazazi wote wawili na kujitokeza kwa mtoto, au ikatokea bila kurithiwa. Kutazama sura za wazazi hakutoshi kumhukumu yeyote. Kama tofauti hiyo inagusa afya ya mtoto, baba na mama waende kliniki pamoja, wakamuulize daktari.