Shoki Mbili Hazifanyi Baiskeli Yako Kuwa ya Mteremko

Wasee, kabla sijamkashifu mtu yeyote leo, wacha nianze na mimi mwenyewe. Mwaka jana niliposti video ya dakika mbili nikisifu baiskeli ya shoki mbili, mbele na nyuma, rangi ya machungwa, breki za diski, bei elfu 38. Nilisema, na sentensi yenyewe bado naikumbuka, "huyu ni mnyama wa mteremko." Nilikuwa nimeijaribu kwenye pakingi ya ploti yetu. Pakingi! Nikaruka ukingo mmoja wa lami, nikatabasamu kwa kamera, basi.

Jamaa yangu mmoja, tumesoma pamoja tangu darasa la tano, akainunua. Wiki ya tatu tukaenda Ngong. Kuna mahali njia inakatika na unaruka chini kama mita moja hivi hadi kwenye udongo mgumu. Mimi nilizunguka, maana nilikuwa na baiskeli yangu nzee ya shoki ya mbele tu. Yeye akaruka. Na alitua vizuri, magurudumu yote mawili kwa pamoja, hakuna kosa alilofanya. Halafu fremu ikaachana palepale nyuma ya kichwa, mahali bomba la juu na bomba la chini yanapochomelewa. Usukani na foki vikabaki mikononi mwake, baiskeli nyingine yote ikaenda njia yake. Mfupa wa bega ulivunjika, na meno mawili yakaenda. Tulimtembeza hadi barabarani akiwa amefungwa mkono na jezi yangu.

Kwa hivyo mkisoma hasira hapa chini, jueni nusu yake inanihusu.

Kuna uongo mmoja unaozunguka kwenye video zetu na kwa wauzaji wengi: ukiona shoki nyuma, hiyo ni baiskeli ya mteremko. Manze, hapana. Shoki ya nyuma ya baiskeli ya elfu 38 mara nyingi ni springi tupu. Haina kitu ndani cha kupunguza mwendo wa ile springi, kwa hivyo ukitua inakurudishia nguvu yote na kukudundisha kama mpira. Mafundi wazee wanaiita shokomzoba, na kwa hii naona wameiheshimu kupita kiasi. Sasa fikiria: mtengenezaji alikuwa na pesa kidogo tu ya kutengeneza fremu nzima. Akaitumia kununua springi ya mapambo, viungo vya kuzunguka, boliti za ziada. Pesa ya mabomba na ya kuchomelea ikatoka wapi? Ikapungua. Unanunua fremu dhaifu zaidi kwa sababu ina shoki.

Kwa kuruka na kushuka, anza na kichwa. Nikisema kichwa namaanisha lile bomba fupi la mbele ambalo foki inapitia. Ukitua, foki inafanya kazi kama mtaimbo unaojaribu kung'oa kichwa kutoka kwa fremu. Ndiyo maana fremu ya kweli ya mteremko ina kichwa kinene, mabomba mapana pale mbele, na mara nyingi kipande cha ziada cha chuma au alumini kinachoshika ile kona. Angalia mshono wa kuchomelea: uwe sawa kuzunguka pande zote, usiwe na mashimo. Pitisha kucha pale. Rangi iliyopasuka kwa mstari mwembamba chini ya kichwa ni ufa mpaka ithibitike vinginevyo.

Halafu pembe. Fremu za zamani za krosi kantri zilikuwa na kichwa cha digrii 70 au 71, karibu kimesimama wima. Za mbio za mteremko siku hizi ziko kati ya 62 na 64. Kichwa kikilala, gurudumu la mbele linaenda mbali mbele yako, na kwenye mteremko mkali hupinduki juu ya usukani kirahisi. Wengine mnaniambia, buda, si nitaweka tu foki ndefu kwa fremu ya krosi kantri? Pembe italegea, ndiyo, kama digrii 1 kwa kila milimita 20 hivi. Lakini sasa umeuongeza urefu ule mtaimbo kwa kichwa ambacho hakikujengewa hiyo kazi. Kampuni nzuri huandika urefu wa juu wa foki ambao fremu inakubali. Ukipita hapo, uko peke yako.

Na kuna kitu ambacho hakuna muuzaji amewahi kunionyesha mpaka niulize: namba ya matumizi. Kampuni nyingi kubwa hupanga baiskeli zao kwa ngazi, na unaipata kwenye kijitabu au stika ya fremu. Ngazi ya 3 ni ya njia za msitu, kuruka chini ya sentimita 61. Ngazi ya 4 inafika sentimita 122. Ngazi ya 5 ndiyo ya mbio za mteremko na friraidi, kasi ya zaidi ya kilomita 40 kwa saa na miruko mikubwa. Rafiki yangu aliruka mita moja na fremu ambayo, nilipoisoma stika baadaye chini ya bomba, ilikuwa imeandikwa kwa maandishi madogo kwamba si ya njia mbovu. Ilikuwa pale siku zote. Kwenye video yangu unaweza kuiona ukisimamisha picha.

Sasa najua kambi ya pili inajiandaa kunijibu: sawa, basi tununue fremu halisi ya mteremko, mtumba kutoka Uingereza, milimita 200 mbele na nyuma. Naelewa. Zinavutia kweli, na mimi pia nimezilia macho usiku. Lakini jiulizeni hizo baiskeli zinapandaje mlima. Leogang kule Austria unapakia baiskeli kwenye lifti ya kamba. Mwaka 2015 Aaron Gwin alikatikiwa na mnyororo mwanzoni tu wa mbio pale, akashuka bila kupiga pedeli, na akashinda! Hiyo ndiyo kazi ya ile baiskeli: chini tu. Hata Afrika mambo hubadilika. Pietermaritzburg, ambako Greg Minnaar alishinda ubingwa wa dunia mbele ya watu wa nyumbani mwaka 2013, njia ilikuwa na kipande kirefu cha kupiga pedeli, na mtu aliyebeba mzigo mzito alikijua. Ngong hakuna lifti. Kijabe hakuna lifti. Kuna wewe, kilo 17 za baiskeli, gia chache ngumu, na jua la saa sita. Kama mbogi yenu haina pickup, hiyo fremu utaisukuma kuliko utakavyoiendesha.

Halafu vipuri. Fremu nyingi za mteremko zinazofika hapa kwa bei ya kuvumilika ni za enzi za magurudumu ya inchi 26. Mbio kubwa zimeshahama. Mwaka 2017 Minnaar huyohuyo alishinda Fort William na inchi 29. Ekseli ya nyuma ya hizo fremu ni ya milimita 150 au 157, na habu ya kawaida uliyonayo ni 135. Beringi za viungo vya nyuma zimekwisha, na shoki inavuja mafuta. Muuzaji atakwambia fundi atarekebisha. Fundi wetu wa jua kali ana mikono ya ajabu, geti la nyumbani kwetu ni kazi yake, lakini alumini ya fremu ikishachomelewa pale kando ya mshono hulainika, na kiwandani huirudisha kwenye tanuri ili nguvu irudi. Hana hilo tanuri. Fremu ya alumini iliyochomelewa upya mtaani ni ya kuning'iniza ukutani. Kaboni ya mtumba ndio siigusi kabisa, kwa sababu ufa unaweza kuwa ndani na nje inang'aa.

"Wewe unaongea hivi kwa sababu una pesa." Hii niliandikiwa wiki jana. Sina. Ni kwa sababu sina ndio naongea. Mwenye pesa akivunja fremu ananunua nyingine na bima inalipa hospitali. Sisi tulichanga kwa M-Pesa.

Pendekezo langu litawaudhi wengi: nunua fremu isiyo na shoki nyuma. Haditeli. Ya chuma cha kromoli ukiipata, au ya alumini iliyojengwa kwa kuruka, kichwa kinene, digrii 64 hadi 66, foki ya milimita 140 au 150 yenye damper ya kweli. Pesa yote imeingia kwenye mabomba na foki, hakuna viungo vya kuchakaa, na unaipandisha mwenyewe. Kama moyo wako uko kwa friraidi, miruko na mitindo, chukua fupi kidogo, igeuke haraka hewani. Kama unataka kasi, chukua ndefu, itulie. Mgongo utakuuma, sikatai. Lakini utajifunza kuchagua mstari, kwa sababu miguu yako ndiyo shoki ya nyuma.

Ukifika umri na mshahara wa shoki mbili za maana, enduro ya milimita 160 inayopanda na kushuka itakufaa hapa kuliko mnyama wa milimita 200. Hilo tutabishana siku nyingine.

Ile video niliifuta Jumapili, ikiwa imetazamwa mara nyingi kuliko kitu chochote nimewahi kuposti. Muuzaji alinipigia akiuliza kwa nini. Nikamtumia picha ya kichwa kilichokatika. Hajajibu. Fremu yenyewe iko chini ya kitanda changu, maana mamake alikataa irudi kwao. Ukiwa karibu na kununua na huna uhakika, nitumie picha ya kichwa na ya ile stika kabla hujatuma pesa. Najibu wote, hata kama ni usiku.