CHURA WA KIHANSI ANATUFUNDISHA KINGA



Mtoto akikohoa tunampa dawa. Akipona anarudi nyumbani. Kama nyumba haina dirisha na imejaa moshi, atakohoa tena. Dawa peke yake haitoshi. Makao nayo lazima yawe mazuri. Na wanyama ni hivyo hivyo.

Katika milima ya Udzungwa, hapa kwetu Tanzania, kuna mto uitwao Kihansi. Mto huu una maporomoko makubwa. Maji yakianguka hutoa manyunyu. Mwaka 1996 wataalamu waliona vyura wadogo wa manjano wakiishi penye manyunyu hayo. Chura mzima hafiki sentimita 3. Hatagi mayai, huzaa watoto. Hajaonekana porini mahali pengine po pote duniani.

Chura hunywa maji kwa ngozi, na hupumua kwa ngozi pia. Ngozi ikikauka, anadhoofika. Manyunyu yale ndiyo nyumba yake.

Mwaka 2000 mitambo ya umeme ya Kihansi ilianza kazi. Mimi sipingi umeme. Zahanati bila taa ni taabu kwa mama anayejifungua usiku. Lakini maji mengi ya mto yaligeuzwa njia, na manyunyu yakapungua sana. Wataalamu waliweka mabomba ya kunyunyiza maji. Pia walichukua vyura wapatao 500, wakawapeleka Marekani kutunzwa.

Vyura waliobaki walianza kuongezeka. Kisha mwaka 2003 ugonjwa wa ngozi, uletwao na kuvu, ulionekana pale. Mwaka huo huo vyura walikufa kwa wingi. Mwaka 2009 ilitangazwa kwamba chura huyu ametoweka porini. Wazao wa wale waliopelekwa Marekani walirudi nchini mwaka 2010. Mwaka 2012 ndipo walipoanza kurudishwa Kihansi.

Wapo wanaouliza, "Chura ana faida gani? Haliwi wala hauzwi." Mimi najibu: chura ni kama kipimajoto. Maji yakiharibika, ngozi yake huumia mapema. Baada yake ni zamu yetu.

Tena angalieni gharama. Kuharibu makao kulichukua muda mfupi. Kumrudisha chura kulichukua miaka 12, wataalamu wengi na fedha nyingi. Kinga ni bora kuliko tiba. Sisi wa zahanati husema hivyo kila siku juu ya malaria na kuhara. Nasema hivyo hivyo juu ya viumbe wa porini.

Sasa tutazame mto wetu wenyewe. Tukikata miti kwenye chanzo, maji yatapungua. Tukilima mpaka ukingoni, udongo utaingia mtoni. Tukiosha mtoni pampu ya dawa ya wadudu, samaki na vyura watakufa. Na maji hayo hayo ndiyo tunayowapa watoto.

Sheria ya Mazingira ya mwaka 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa mto. Je, mashamba yetu yako umbali gani? Katika mkutano ujao wa kijiji tuulizane jambo hili. Kisha tuchukue kamba, twende mtoni tukapime pamoja.

Tutunze makao ya viumbe. Nayo ni makao yetu.