Sauti Sol wakirudi, watatukuta tukifanya nini?

Tuambiane ukweli, msomaji wangu. Bien na Savara wakipigwa picha wakiwa meza moja tu, simu zetu zinashika moto: "Wanarudi!" Hapa Kianjai stori inaanzia kwa watu wa boda, inapitia kwa kinyozi, na kufika jioni kuna msee ameshaanza kuhesabu nauli ya Nairobi. Hakuna tarehe, hakuna tiketi, ni picha tu.

Siwacheki, hata mimi nangoja. Sauti Sol walianza 2005, wakatupa "Lazizi", wakatupa "Nishike", na Julai 2015 Obama mwenyewe akacheza "Sura Yako" pale Ikulu. Mei 2023 wakatangaza pumziko lisilo na tarehe ya mwisho, na tarehe 4 Novemba mwaka huo wakatuaga Nairobi. Hawakusema wamekufa. Ndiyo maana tunakaa kama mtu aliyeachwa na mpenzi lakini bado nguo zake ziko kwa keja.

Lakini jiulize: unachongoja ni bendi ama ni ule mwaka uliokuwa nao? "Sura Yako" ikivuma, wengi wetu tulikuwa shuleni na tulikuwa na mpango. Leo wengine tumeacha chuo katikati, wengine wana digrii na wanauza miraa barabarani Meru–Maua. Tukiimba "warudi", nusu ya kilio ni chetu wenyewe. Huo ni mzigo mzito kuwabebesha wanaume wanne waliochoka kuwa kitu kimoja.

Tena kuvunjika si msiba kila mara. Waulize wazee wako kuhusu Simba Wanyika, bendi ya ndugu wawili wa Tanga, Wilson na George Peter Kinyonga, iliyotesa Nairobi miaka ya 1970. Mwaka wa 1978 baadhi ya wapigaji wao waliondoka wakaunda Les Wanyika. Mashabiki lazima waliumia. Lakini bila huko kuondoka hakungekuwa na "Sina Makosa", ngoma ambayo mpaka leo ikipigwa harusini hata mama wa jikoni anaacha mwiko.

Hawa wetu pia hawajalala. Bien ana albamu yake, Savara yake, Chimano na Polycarp wametoa kazi zao. Sasa wewe unayelia "warudi" kila wiki, umesikiliza ngapi kati ya hizo mpaka mwisho? Kama huna muda na wanachofanya leo, basi unachopenda ni kumbukumbu, si wao.

Na kumbukumbu ni biashara. Oasis wa Uingereza walivunjika 2009, wakatangaza kurudi Agosti 2024, wakapanda jukwaani Cardiff Julai 2025. Watu waliokuwa wamengoja miaka 15 walikaa kwenye foleni ya mtandaoni saa nyingi, na wengine walipofika mbele walikuta tiketi ya karibu pauni 150 imekuwa zaidi ya pauni 350. Anayeuza anajua vizuri kwamba mwenye hamu haulizi bei. Siku ya Sauti Sol ikifika, tuulize bei mapema. Tuulize pia kama Kinoru kule Meru mjini kuna shida gani, maana mashabiki hawaishi Nairobi peke yake.

Kuna kitu kingine kinaniuma zaidi. Huku kwetu sherehe nyingi siku hizi zinabebwa na mtu mmoja, gita lake na kinanda kinachojipigia ngoma. Si kwamba hatuna wapigaji. Ni kwamba mwenye sherehe akiambiwa bei ya watu wanne na vyombo vyao, anaita didjei. Kwa hivyo vijana wanafanya mazoezi kanisani wiki nzima, wanaitwa kupiga "kwa kujitolea", wanapewa soda na chapati, na baada ya miezi sita mpiga besi ameenda Nairobi kutafuta mjengo. Bendi imekwisha hivyo, bila tamasha la kuaga. Hao hakuna anayeuliza watarudi lini.

George Kinyonga alifariki 1992, Wilson 1995, John Ngereza wa Les Wanyika 2000. Hao hakuna tangazo litakalowarudisha. Wanne wetu wako hai na wanafanya kazi, kwa hivyo tuwape nafasi waamue wenyewe, bila kusukumwa.

Wewe unayengoja, wikendi hii tafuta kundi moja linalopiga karibu na kwenu. Lipa kiingilio, hata kama ni mia moja, na usiombe kuingia bure eti mlisoma pamoja. Sauti Sol nao kuna wakati walikuwa vijana wasiojulikana na gita moja, na kuna watu walilipa kuwasikiliza.