Mchakamchaka haukuwa wa watoto peke yao

Mtumishi wa Serikali mwenye umri wa miaka 45, awe mwalimu katika shule ya msingi huko Chipanga au karani katika ofisi za Halmashauri ya Wilaya ya Bahi, amebakiwa na miaka 15 kabla ya kufikia umri wa lazima wa kustaafu. Hiyo si miaka michache. Swali linalopasa kuulizwa ni kwamba mwili wake utaivuka miaka hiyo ukiwa katika hali gani, kwa kuwa shinikizo la damu na kisukari havichagui tena kati ya mkubwa wa mjini na mwalimu wa kijijini, na kazi ya kiti na meza, au ya kusimama darasani kutwa, haimkingi mtu na maradhi hayo.

Wengi wamekwisha kuusikia ushauri wa kufanya mazoezi, na baadhi yao wamenunua viatu na kuanza kukimbia. Hao wanastahili pongezi. Lakini aghalabu safari yao huishia kwenye kilometa ya pili au ya tatu. Hapo hugeuka, na mwezi haujaisha viatu vimekwisha kusukumwa uvunguni mwa kitanda. Wakiulizwa sababu husema ni pumzi. Jibu hilo halitoshi. Mtu huyo huyo hutembea kilometa kumi kwenda msibani na kurudi bila ya kulalamika. Kinachomshinda si umbali wenyewe, bali ni kutoamini kwamba akienda mbali kwa mbio atarudi salama na kwa heshima yake.

Neno heshima halikutumika hapa kwa bahati. Katika vijiji vya Ugogo, kama ilivyo penginepo nchini, mtu mzima akionekana anakimbia watu huuliza kuna nini, nani amefariki, nini kimeibwa. Mwalimu akimbiaye huhisi macho ya wanafunzi wake, na ya wazazi waliokaa vibarazani, na ya kijana wa baiskeli anayempita huku akigeuka kumtazama. Basi huongeza kasi mbele ya watu ili asidhaniwe kuwa mchovu, na akifika nyuma ya mbuyu, mahali asipoonekana, husimama akiwa hoi. Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Hizi huishia mbuyuni. Kwa mwalimu wa kike mzigo huwa mara mbili, maana mavazi yake nayo hujadiliwa, na giza la alfajiri lina hatari zake. Kwake yeye kukimbia wawili au watatu ni sharti, na viongozi wa shule na vijiji wanaweza kumwondolea sehemu kubwa ya maneno kwa kutoka naye mara chache za mwanzo.

Yafaa ikumbukwe kwamba karibu kila mtumishi wa umri huo aliwahi kukimbia masafa marefu bila ya kujua kuwa ni marefu. Shuleni siku ilianza kwa mchakamchaka, na waliopitia Jeshi la Kujenga Taifa waliujua kwa namna iliyo kali zaidi. Ubaya wa mchakamchaka ulikuwa ni filimbi na fimbo, kiasi kwamba wengi walitoka humo wakiamini kuwa kukimbia ni adhabu, na kwamba cheo cha utu uzima ni kuachana nayo. Lakini ndani yake mlikuwa na hekima ambayo haikuelezwa na mtu. Watoto waliimba. Kiongozi alitoa sauti na kundi likaitikia, na hakuna awezaye kuitikia wimbo huku pumzi imemkata. Wimbo ndio uliokuwa kipimo cha mwendo: uliposikika unadhoofu, mwendo ulikuwa umezidi. Wataalamu wa mazoezi wa leo humwambia anayeanza jambo hilo hilo, kwamba akimbie kwa kasi inayomruhusu kuzungumza sentensi nzima. Akishindwa na apunguze, na ikibidi atembee.

Kutembea hapo si kushindwa. Mmarekani Jeff Galloway, aliyeshiriki mbio za mita 10,000 katika Michezo ya Olimpiki ya Munich mwaka 1972, alianza katika miaka ile ile ya sabini kuwafundisha wanaoanza kwamba wakimbie na kutembea kwa zamu tangu mwanzo wa safari, kabla ya kuchoka na si baada yake. Tofauti ni kubwa. Anayetembea kwa sababu amechoka hurudi nyumbani na kumbukumbu ya kushindwa. Yule aliyepanga kukimbia dakika nne na kutembea moja hurudi na kumbukumbu ya mpango uliotimia, na hiyo ndiyo atakayoondoka nayo safari ijayo.

Labda sehemu ya tatizo ni mifano ambayo taifa limeipenda mno. Tarehe 2 Februari 1974, mjini Christchurch, New Zealand, Filbert Bayi alitoka mbele tangu mwanzo wa mbio za mita 1,500 na hakukamatwa hadi mwisho, akaweka rekodi ya dunia ya dakika 3 na sekunde 32.2. Hiyo ni fahari isiyochakaa. Lakini Bayi alikuwa na miaka 20, na kwa mwalimu wa hesabu wa miaka 47 kutoka mbele kwa kishindo ni mfano wa hatari. Hata John Stephen Akhwari, aliyemaliza marathoni ya Mexico mwaka 1968 akiwa na goti lililoumia, hafai kuigwa katika jambo hilo. Yeye alikuwa mwanariadha aliyeandaliwa na kutumwa na nchi yake. Mtumishi anayehisi maumivu makali ya goti asubuhi ya Jumanne hakutumwa na mtu, na njia iliyo bora kwake ni kurudi nyumbani akitembea. Anayefaa kutazamwa zaidi ni Alphonce Simbu, ambaye mjini Tokyo mwezi Septemba 2025 alikaa kundini karibu safari nzima ya kilometa 42, kisha akampita Mjerumani Amanal Petros kwenye hatua za mwisho kabisa. Wote wawili waliandikiwa saa 2, dakika 9 na sekunde 48, na Tanzania ikapata dhahabu yake ya kwanza katika mashindano ya dunia ya riadha.

New Zealand hiyo ya ushindi wa Bayi inalo funzo jingine, la zaidi ya miaka kumi kabla yake. Mwishoni mwa mwaka 1962 Bill Bowerman, kocha wa riadha wa Chuo Kikuu cha Oregon huko Marekani, alimtembelea kocha mwenzake Arthur Lydiard, ambaye alikuwa amewashawishi raia wa kawaida wa makamo kukimbia polepole kwa ajili ya afya zao. Bowerman alikuwa na miaka 51, na kazi yake ilikuwa kuwafunza vijana wenye kasi. Alipoalikwa kukimbia na raia hao aliachwa nyuma, na mzee aliyekwisha kupita miaka 70 ndiye aliyebaki kumsindikiza. Kocha huyo hakuona haya. Aliendelea kukimbia polepole, akarudi kwao, na mwaka 1967 yeye na daktari mmoja wa moyo wakatoa kitabu cha kuwaelekeza watu wazima. Ikiwa mwalimu wa wakimbiaji aliweza kusindikizwa na mzee, karani wa Bahi hana sababu ya kuogopa kupitwa na baiskeli.

Hata hivyo ujasiri ukija mapema mno una mtego wake. Moyo na mapafu huzoea kazi mpya katika muda wa majuma machache, lakini mifupa, na kano zinazoshika misuli, huhitaji miezi mingi, na kadiri umri unavyosogea ndivyo zinavyochelewa zaidi. Mnamo mwezi wa pili pumzi huwa imekubali, na mtu hujiona kijana tena. Hapo ndipo huongeza kilometa tano kwa siku moja, na hapo ndipo kisigino au ugoko humlaza. Aliyekwisha kupita miaka 40 hana budi kupimwa shinikizo la damu na sukari katika zahanati kabla ya kuanza, na akihisi maumivu ya kifua asimame na kwenda kwa mganga. Baada ya hapo siku moja tu ya juma iwe ya masafa marefu, nyingine ziwe fupi. Marefu yaongezwe kwa kilometa moja hivi, na kila juma la nne yapunguzwe ili mwili upumzike.

Bahi ni mahali pazuri kwa kazi hiyo kuliko wenyeji wanavyodhani. Mji upo chini, kwenye sakafu ya Bonde la Ufa, na njia za kuelekea mashamba ya mpunga ni tambarare. Barabara kuu ya lami itokayo Dodoma kwenda Manyoni na Singida haifai, hasa kabla ya mapambazuko, kwa ajili ya malori. Jua nalo halina mzaha, na saa mbili asubuhi mtu awe amekwisha kurudi. Kwa mwenye hofu, miezi ya mwanzo inafaa azunguke njia inayopita karibu na nyumbani kwake, ili ajue kwamba wakati wowote anaweza kuacha. Akiisha kuzunguka mara nne bila ya kuacha, ajaribu umbali huo huo kwa kwenda moja kwa moja na kurudi. Miguu haitaona tofauti. Kichwa kitaiona, kwa sababu kwa mara ya kwanza hakuna njia ya mkato.

Mwezi Desemba mwaka 2016 Makamu wa Rais wa wakati huo, Ndugu Samia Suluhu Hassan, alizindua kampeni ya kitaifa ya mazoezi, na Jumamosi ya pili ya kila mwezi ikatengwa kwa ajili hiyo. Nia ilikuwa njema na bado ni njema. Ila siku moja kwa mwezi haiwezi kumjenga mtu, na penye fulana mpya, ngoma na hotuba inaweza hata kumbomoa, kwa maana mtumishi ambaye hakukimbia hatua moja kwa siku 29 huvutwa na shangwe akaenda kilometa nane, akalala na maumivu siku tatu, akahitimisha kwamba kukimbia hakumfai. Ingefaa Jumamosi hiyo ifanywe siku ya kupima kazi ya mwezi mzima. Kila idara na kila shule ingekuwa na kikundi chake cha mchakamchaka wa hiari, mara tatu kwa juma, usio na filimbi, unaoongozwa na yule aliye wa polepole kuliko wote.

Mbio za NBC Dodoma Marathon, zilizoanza mwaka 2020, hufanyika mwezi Julai, wakati wa baridi ya uwanda wa kati, na masafa yake ni pamoja na kilometa 5, 10 na 21. Anayeanza mwezi Novemba kwa kilometa mbili za kukimbia na kutembea anaweza, bila ya kujilazimisha, kufikisha tano kabla ya Pasaka na nane kabla ya mwisho wa Mei. Huyo mwezi Julai ajiandikishe kilometa 10, ingawa wenzake wa ofisini watamshawishi aende nao 21. Zile 21 zitakuwapo mwaka unaofuata, naye atakuwa na miaka 46.