“Si Imezima Yenyewe?”



Juma hili nawaalika tutafakari taa ndogo nyekundu, yenye alama ya kibirika kinachodondosha tone, iliyopo kwenye dashibodi ya skuta na ya bajaji. Nikitaja taa na mafuta, wapo watakaotarajia nianze na wale wanawali kumi. Sivyo. Leo nazungumzia oili ya injini, na sentensi moja fupi inayosemwa kila siku kwenye vijiwe vyetu, kuanzia Mbagala Rangi Tatu hadi Tegeta: “Si imezima yenyewe?”

Sentensi hiyo husemwa hivi. Skuta inapanda Makongo Juu, taa inawaka. Inafika kwenye tambarare, taa inazima. Inakaa kwenye foleni ya Mwenge katika jua la saa nane, taa inapepesa. Foleni inasogea, taa inazima. Dereva anamweleza mwenye chombo jioni anapoleta hesabu. Mwenye chombo anauliza, “Sasa hivi inawaka?” Dereva anajibu kwamba haiwaki. “Basi, si imezima yenyewe? Kesho kazini.”

Nasema wazi kwamba jibu hilo ni baya. Si baya kwa sababu limetolewa na mtu asiye fundi. Ni baya kwa sababu linahamisha hatari kutoka kwa anayepokea fedha kwenda kwa wale wanaokalia kiti.

Tuanze na chombo chenyewe, maana hatuwezi kuzungumzia wajibu tusioujua. Katika skuta na bajaji nyingi zenye injini ya stroki nne na taa ya namna hii, pampu huvuta oili kutoka chini ya injini na kuisukuma kupitia njia nyembamba hadi kwenye beringi na sehemu nyingine zinazosuguana. Kwenye njia hiyo hufungwa swichi inayohisi msukumo. Msukumo ukiwepo, taa huzima. Ukishuka, taa huwaka. Kwa hiyo taa hiyo haitangazi ni oili kiasi gani iliyobaki. Inatangaza kama oili inafika inakotakiwa kufika.

Hapo ndipo tunaelewa kwa nini inawaka na kuzima. Oili ikipungua, ukifunga breki ghafla, ukilala kwenye kona au ukipanda mlima, ile iliyobaki hukimbilia upande mmoja. Pampu hunyonya hewa na taa huwaka. Ukinyooka, oili hurudi na taa huzima. Vivyo hivyo, oili iliyochoka na kupata moto huwa nyepesi kama maji. Ukisimama kwenye foleni, injini ikizunguka polepole, msukumo hushuka na taa hupepesa. Ukiongeza resi, huzima. Chujio lililoziba, pampu iliyochakaa na beringi zilizolika huleta dalili hiyo hiyo. Katika hali zote hizo, kila taa inapowaka, chuma kinaweza kuwa kinasugua chuma. Haikuwaka bure, na haikuzima kwa kupona.

Zile skuta za stroki mbili zenye tangi dogo la oili pembeni zina utaratibu tofauti. Ndani ya tangi mna boya linaloelea. Oili inapokaribia kwisha, boya hushuka, na kila tuta la barabarani hulitikisa, taa ikawaka na kuzima. Huyo anayesubiri taa itulie ndipo aongeze oili anasubiri tangi likauke. Likikauka, pistoni hukamatana na silinda. Zipo pia skuta mpya ambazo taa yake ni ya kukumbusha tu kwamba kilometa za kubadili oili zimetimia. Kitabu cha chombo ndicho kinachosema taa yako ni ya aina gani, na mwenye chombo aliyekipoteza kitabu hicho hana budi kumuuliza fundi anayejua.

Tena tukumbuke udogo wa injini hizi. Nyingi hubeba oili ya lita moja hivi, nyingine pungufu ya hapo, wakati gari dogo hubeba lita tatu au nne. Kiasi cha chupa moja ya soda kikipotea kwenye gari, ni sehemu ndogo. Kikipotea kwenye skuta, ni theluthi ya oili yote.

Wapo watakaonipinga kwa haki. Watasema, “Padre, mara nyingi ni waya tu.” Ni kweli. Waya huchunika, kichwa cha swichi huingia maji tunapovuka madimbwi ya masika, kutu hushika, na taa hudanganya. Sikatai. Lakini swali ni hili: unajuaje kwamba ni waya? Anayejua kwa sababu amepima oili, ameona imefika alama ya juu na ni safi, kisha fundi akapima msukumo na kuukuta sawa, huyo anayo haki ya kusema ni waya. Anayesema ni waya kwa sababu anapenda iwe ni waya, huyo hajagundua kitu. Ametamani tu.

Hata walio wajuzi huanguka katika tamaa hiyo. Tarehe 5 Mei 1983, ndege ya shirika la Eastern Air Lines la Marekani, yenye injini tatu, iliondoka Miami kwenda Nassau ikiwa na watu 172. Msukumo wa oili ulishuka katika injini ya katikati. Marubani wakaizima, wakageuza ndege kurudi Miami. Kisha vipimo vya injini mbili zilizobaki navyo vikaonyesha kwamba oili imekwisha. Marubani wakaona haiwezekani injini zote tatu zikose oili kwa pamoja, wakadhani vipimo ndivyo vilivyoharibika. Kumbe vilisema kweli. Mafundi walikuwa wamefunga vifaa vya kunasia chembe za chuma katika injini zote tatu bila kuweka pete za mpira zinazozuia oili kuvuja. Injini zile mbili zikazimika moja baada ya nyingine, na ndege ikawa inashuka juu ya bahari bila injini hata moja, mpaka marubani walipofaulu kuiwasha tena ile ya katikati. Walitua salama kwa injini hiyo moja.

Wale walikuwa na injini waliyoizima mapema kwa kutii kipimo, na hiyo ndiyo iliyowaokoa. Skuta ina injini moja tu. Ikikamata kwenye Barabara ya Kilwa, na lori la mchanga liko nyuma, hakuna ya pili ya kuwasha. Kwa pikipiki ya gia, injini ikikwama ghafla inaweza kulifunga tairi la nyuma. Na aliyekaa nyuma mara nyingi ni mama mwenye mtoto mgongoni, au wanafunzi wawili waliopakiwa mishikaki kwa sababu daladala zimewakataa.

Lipo jambo baya zaidi, nalo ni kukata waya wa taa, au kuibandika selotepu nyeusi isionekane. Wengine hulifanya ili abiria asiulize. Wengine hulifanya siku ya kuuza chombo. Mtu aliyefanya hivyo hakutengeneza kitu chochote. Amesema uongo, na amemwachia mwingine aubebe bila kujua. Mnunuzi na dereva mpya wanaweza kujilinda kwa jaribio lisilogharimu hata senti. Kwa chombo chenye taa ya msukumo, fungua ufunguo bila kuwasha injini. Taa inatakiwa iwake. Washa injini, na ndani ya sekunde chache inatakiwa izime. Taa isiyowaka kabisa ufunguo unapofunguliwa si dalili ya afya. Yawezekana globu imekufa, au waya umekatwa.

Sasa nawageukia ninyi ambao hasa nimewaandikia. Wengi wenu hamwendeshi bajaji wala pikipiki. Mnazimiliki. Mwalimu, karani, mama mwenye duka, mstaafu aliyetumia mafao yake, mwanachama wa VIKOBA aliyechukua mkopo: chombo kimoja au viwili viko barabarani, na kila jioni hesabu inaletwa nyumbani. Sioni ubaya katika hilo. Ni biashara halali inayolisha watoto na kusomesha. Lakini tazameni mapatano mliyoyaweka. Katika mapatano mengi, hesabu ya siku haina msamaha. Chombo kikilala gereji, deni linabaki pale pale. Oili ni juu ya dereva. Siku ya kumwaga oili ni siku yake aliyoipoteza. Na katika ule mkataba wa kuendesha mpaka chombo kiwe chake, kila siku ya kusimama inamsogeza mbali na siku ya kumiliki.

Je, mtu aliyewekewa masharti hayo tunamlipa aione taa, au tunamlipa asiione? Kisha injini inapokufa tunasema vijana wa siku hizi ni wazembe. Uzembe upo, siukani. Lakini uzembe mwingine uliandikwa kwenye karatasi ya mapatano kabla kijana hajashika usukani.

Mtaniambia, “Dereva ndiye aliye na chombo kutwa nzima, yeye ndiye wa kwanza kuiona taa.” Naam, ndiye wa kwanza kuiona. Lakini siye wa kwanza kunufaika. Kanuni za mwaka 2010, zilizoweka utaratibu wa leseni kwa pikipiki na bajaji zinazobeba abiria, ziliihesabu kazi hii kuwa usafirishaji wa umma, na leo inasimamiwa na LATRA, iliyochukua nafasi ya SUMATRA mwaka 2019. Kwa maneno mengine, mwenye chombo si mtu aliyeazimisha baiskeli kwa jirani. Ni msafirishaji. Anayepokea faida ya msafirishaji apokee na wajibu wake.

Mtaniambia pia kwamba maisha ni magumu, na fedha ya matengenezo haipo. Hapo nawajibu kwa hesabu ya sokoni. Kupima oili kunahitaji kitambaa na dakika tano. Simamisha chombo mahali pa tambarare kwa stendi ya katikati, zima injini, subiri oili ishuke, chomoa kijiti cha kupimia, kifute, kirudishe kama kitabu kinavyoelekeza, kisha kitazame. Lita moja ya oili ni gharama ndogo mno ukiilinganisha na silinda, pistoni, beringi na ujira wa fundi wa kuifungua injini nzima. Asiye na fedha za injini ndiye hasa anayepaswa kuwa na fedha za oili. Wahenga walikwisha kusema: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Mwaka 2007, Baraza la Kipapa la Uchungaji kwa Wahamiaji na Wasafiri lilitoa mwongozo juu ya uchungaji wa barabarani, ukiwa na amri kumi za dereva. Ya kwanza ni kutokuua, na miongoni mwa nyingine imo ile ya kumlinda aliye dhaifu zaidi barabarani. Mwongozo huo haukuandikwa kwa wenye magari ya kifahari peke yao. Nasi hapa tuna desturi njema ya kuleta vyombo vipya vibarikiwe. Vileteni, milango i wazi. Lakini maji ya baraka hayaingii mahali pa oili, na sala haikuwekwa ili imwondolee mtu kazi ambayo mikono yake inaiweza.

Basi, wenye vyombo, nawaomba mambo manne, tena kabla ya Jumapili ijayo. Kwanza, oili na siku ya kuibadilisha viwe juu ya mwenye chombo, na siku hiyo isidaiwe hesabu. Pili, kilometa za kila badiliko la oili ziandikwe kwenye daftari, mbele ya dereva. Tatu, dereva anayeleta habari ya taa asiulizwe kwanza hesabu iko wapi. Nne, taa ya msukumo ikiwaka safarini, dereva awe na ruhusa ya kusimama mahali salama, kuzima injini, kupima oili, na kutoendelea na abiria mpaka chanzo kijulikane, bila hofu ya kunyang’anywa chombo jioni.

Ninyi vijana wa kijiweni mnaosoma haya kwa simu mkisubiri abiria, nanyi msijifiche nyuma ya tajiri. Aliyekataa kusikia ana kosa lake. Lakini anayejua kwamba taa imewaka mara tatu asubuhi, kisha akampakia mtoto wa shule, hawezi kusema alitumwa.

Na ninyi abiria, mkiiona taa ile nyekundu inapepesa, ulizeni. Dereva mwema hatakasirika. Akiwajibu, “Usijali, mama, huwa inazima yenyewe,” shukeni, mlipe mlipofikia, mtafute usafiri mwingine.

Nawatakia juma jema na safari salama.