Mateka Wasioandikwa
Julai 1959 Bunge la Marekani lilipitisha azimio la Wiki ya Mataifa Mateka, na Rais Eisenhower akalitia saini. Nimeisoma orodha yake mara tatu: Poland, Hungary, Ukraine, Tibet, hata Cossackia, nchi ambayo sijawahi kuiona kwenye ramani. Algeria, iliyokuwa ikipigana na Ufaransa tangu 1954, haimo. Kenya nayo haimo, na miezi minne tu kabla, tarehe 3 Machi, walinzi wa kambi ya Hola walikuwa wamewapiga wafungwa 11 hadi kufa. Ili uhesabiwe mateka, aliyekuteka alipaswa kuwa mkomunisti. Wenzangu darasani hunituliza: azimio ni maneno tu, halina gharama. Haya. Basi kutuandika kungewagharimu nini?