Kabla ya roboti, tazameni koleo

Wadau, leo tuweke kando habari za programu tuzungumze juu ya koleo. Sina maana ya koleo la fundi umeme. Nazungumzia lile jembamba ambalo daktari mpasuaji hulipitisha kwenye tundu dogo tumboni, akashika utumbo au mfuko wa nyongo huku akitazama skrini. Wenzangu waandika programu wakisikia neno upasuaji hukimbilia roboti na akili bandia. Mimi nasema kazi yenyewe iko kwenye taya, na tusipozielewa programu zetu zitaumiza watu.

Kwa sisi wa Makina maabara si lazima. Nunua matumbo mabichi sokoni, yaoshe, kisha uyavute kwa koleo lenye taya laini. Yatateleza. Ukibana zaidi yatashikika, lakini yatabaki na alama. Chukua lenye meno makali: litashika mara moja, na ukivuta kwa nguvu litachana.

Hesabu yake ni ya shule tu. Taya yenye upana wa milimita 5 na urefu wa milimita 10 ina eneo la milimita mraba 50. Ukibana kwa nyutoni 5, shinikizo ni kilopaskali 100. Lakini ikiwa ncha za meno tu ndizo zinazogusa, tuseme milimita mraba 5, nguvu ile ile inaleta kilopaskali 1,000! Ndiyo maana naona ni upuuzi mtu kuandika kwenye msimbo "nguvu isizidi nyutoni 5" akadhani amemlinda mgonjwa. Nyutoni 5 kwa taya ipi?

Wapasuaji walilijua hili zamani. Koleo la Allis lina meno, na hufaa kwa nyama ngumu au ile itakayokatwa na kutolewa. La Babcock lina ncha pana ya mviringo yenye uwazi katikati, nalo hutumika kushika utumbo. Uwazi ule si urembo: nyama laini huingia humo kidogo, ikazuilika bila kubanwa sana. Tatizo jingine ni taya zinazofunga kama mkasi. Karibu na bawaba hubana mno, kwenye ncha kidogo, na nyama husukumwa mbele.

Kuteleza nako si usalama. Kila likiteleza daktari hushika tena, na utumbo uliochubuka unaweza kutoboka siku kadhaa baadaye, uchafu ukamwagika tumboni. Watu hufa kwa hilo.

Roboti ya da Vinci iliidhinishwa Marekani mwaka 2000, na kwa zaidi ya miaka 20 daktari aliyeiendesha alitegemea macho kujua anavuta kiasi gani. Da Vinci 5, iliyoidhinishwa 2024, ndiyo iliyoleta vihisi vya nguvu. Hongera kwao, ila kihisi hakibadilishi umbo la taya. Mimi walionifurahisha zaidi ni watafiti wa Chuo Kikuu cha Beihang, China. Mwaka 2015 walichapisha kazi ya kuiga nyayo za chura wa mitini: vinundu vidogo vya pembe sita vyenye mifereji ya kupitisha maji, ili taya ishike nyama yenye unyevu bila meno makali.

Kwa hiyo vijana mnaotengeneza vifaa vya mazoezi kwa madaktari wanafunzi, mkiandika programu ya kupima nguvu, ingizeni pia umbo la taya, eneo lake na hali ya meno yake. Na kama kuna fundi chuma anayesoma hapa, aniambie: kingo za taya ndogo hivyo zinaweza kulainishwa kwa msasa, au ni lazima mashine?